iPod ya zamani kwenye kompyuta mpya: dalili, sababu na namna ya kuokoa nyimbo

Siku ya hatari kwa nyimbo zilizo kwenye iPod ni siku ile inapochomekwa kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta mpya. Kifaa kinaweza kuwa kizima kabisa, betri nzuri, diski haina tatizo, na bado nyimbo zote zikafutika ndani ya dakika moja. Sababu ni jinsi iTunes, programu ya Apple inayoweka nyimbo kwenye iPod, ilivyopangwa: kwake maktaba halisi ni ile iliyo kwenye kompyuta, na iPod hubeba nakala tu. Nyimbo hutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye iPod, hazirudi. Kompyuta mpya ina maktaba tupu, kwa hiyo ikiachiwa ifanye kazi yake itaifanya iPod nayo iwe tupu.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na yote yanayofuata yanasimama juu yake: toa nakala ya nyimbo kwanza, ndipo uiruhusu programu yoyote iiguse iPod. Ukishakuwa na nakala, kila kosa lina dawa. Jambo hili lina uzito zaidi kwa wenye taarab, kaswida au rumba zilizorekodiwa kutoka kwenye kanda, kwa kuwa nyimbo hizo huwezi kuzikuta tena mtandaoni zikishafutika.

Maelezo haya yanahusu iPod zenye gurudumu: mini, video, classic na nano za mwanzo hadi kizazi cha 5. iPod touch ina mambo yake, yako mbele kidogo.

Dalili: Dirisha linauliza kama ufute iPod na kuisawazisha

Ujumbe huu husema kwamba iPod imesawazishwa (imefananishwa) na maktaba nyingine, kisha hukuwekea vitufe "Erase and Sync", "Transfer Purchases" na "Cancel". Bofya "Cancel". Cha kwanza hufuta kila kitu. Cha pili huwahadaa wengi kwa jina lake: huhamisha tu nyimbo zilizonunuliwa kwenye duka la iTunes, tena baada ya kompyuta kuidhinishwa kwa akaunti iliyozinunua. Nyimbo ulizotoa kwenye CD, kwenye kanda au kwa rafiki hazimo.

Kama dirisha limeshafunguka, "Cancel" inatosha, hakuna kilichoguswa. Ili lisijitokeze tena, shikilia Ctrl na Shift kwa pamoja wakati unachomeka waya kwenye Windows, au Command na Option kwenye Mac, usiachie hadi iPod ionekane. Kisha ndani ya iTunes ingia Edit, Preferences, Devices, uweke tiki kwenye kisanduku cha kuzuia usawazishaji wa moja kwa moja.

Njia salama kuliko zote, hata hivyo, ni kutokuwa na iTunes kabisa kwenye kompyuta hiyo mpaka nakala iwe tayari. Bila iTunes, Windows huiona iPod kama flashi tu, haina cha kufuta.

Dalili: Kompyuta haina iTunes na iPod haionekani kama diski

iPod ikichomekwa huchaji, lakini kwenye "This PC" hakuna kitu. Anza na waya. Waya za pini 30 za bei rahisi nyingi zina nyaya mbili tu za umeme ndani, hazina zile mbili za data. Jaribu waya mwingine uliowahi kuhamisha mafaili, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawa USB, na kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma. Kama iPod yako ni ile ya awali kabisa (si mini wala nano) ya kizazi cha 1 au cha 2, yenyewe inatumia FireWire pekee, aina nyingine ya waya wa data, haina USB. Ya kizazi cha 3 hupitisha data kwa USB lakini haichaji kwa njia hiyo, hivyo ijaze chaji kabla ya kuanza.

Waya ukiwa mzima, ingiza iPod kwenye hali ya diski:

1. Sogeza swichi ya Hold kwenda na kurudi, uhakikishe imefunguka.
2. Bonyeza Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja, sekunde 6 hadi 10, mpaka nembo ya tufaha itokee.
3. Papo hapo achia, ushike kitufe cha katikati na Play/Pause mpaka skrini iandike "Disk Mode".

Hatua ya 3 ndiyo inayowashinda watu. Ukichelewa hata kidogo iPod huwaka kawaida, nawe utarudia kuanzia hatua ya 2. iPod hizo za awali, kizazi cha 1 hadi cha 3, hutumia Menu na Play kuizima na kuiwasha, kisha vitufe vya mbele na nyuma kwa pamoja.

Ikiwa skrini inasema "Disk Mode" na bado Windows haionyeshi diski, bonyeza Windows na X, ufungue Disk Management. Mara nyingi utaikuta iPod humo bila herufi, au imepewa herufi ambayo tayari inatumiwa na diski ya mtandao wa ofisini. Bofya kulia juu yake, chagua "Change Drive Letter and Paths", uipe herufi ya mbali kama P. Usibofye "Format" wala "Initialize" hata dirisha likikusihi.

Dalili: Windows inasema diski lazima ifomatiwe kwanza

Bofya "Cancel", halafu ujiulize iPod hii ilikuwa inatumiwa na kompyuta gani. Kama ilikuwa ya mwenye Mac, diski yake imefomatiwa kwa HFS+, mfumo ambao Windows haiusomi bila msaada. iPod ya Windows hutumia FAT32, nayo Mac huisoma bila shida, kwa hiyo tatizo hili ni la upande mmoja tu. Ndiyo hali inayowakuta wengi waliotumiwa iPod na ndugu aliyeko nje.

Njia tatu zinafaa. Ya kwanza ni kuazima Mac, kunakili nyimbo kwenye diski ya nje iliyofomatiwa kwa exFAT, mfumo unaosomwa na Mac na Windows zote mbili, na kuileta diski hiyo kwenye Windows. Ya pili ni programu ya bure iitwayo HFSExplorer, inayosoma HFS+ ndani ya Windows bila kuandika chochote kwenye diski. Ya tatu ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu (aina ya Linux, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows) bila kuisakinisha, kwa kuwa Linux inasoma HFS+ yenyewe.

Na kama iPod ilikuwa ya Windows tangu mwanzo, ujumbe huohuo maana yake ni kwamba mfumo wa mafaili umeharibika. Izime na kuiwasha. Ikiwa bado inapiga nyimbo, data zinasomeka, na Ubuntu mara nyingi itafanikiwa mahali Windows ilipokataa.

Kutoa nakala

Nyimbo zimo ndani ya folda iPod_Control, kisha Music. Folda hiyo imefichwa. Kwenye Windows 11 fungua View, Show, Hidden items. Kwenye Mac bonyeza Command, Shift na nukta. Ndani ya Music utakuta folda F00, F01, F02 na kuendelea, hadi F49 kwenye iPod kubwa, na mafaili yenye majina ya herufi nne yasiyo na maana, kwa mfano KXQR.mp3. Usiogope majina hayo. Jina la wimbo, msanii na albamu kwa kawaida vimeandikwa ndani ya faili lenyewe, na vitasomeka baadaye.

Nakili iPod_Control yote, usichukue Music peke yake. Folda ya iTunes iliyomo ina faili iTunesDB, na humo ndimo zinamokaa orodha zako za nyimbo, nyota ulizozipa na hesabu za mara ulizosikiliza. Ukiliacha unabaki na nyimbo, ila mpangilio wako wote umekwenda.

Kunakili kwa kuburuta na kudondosha kunafaa iPod ndogo. Kwa iPod yenye maelfu ya nyimbo tumia robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, maana faili moja bovu halitasimamisha kazi yote. Fungua Command Prompt, uandike hivi, ukibadilisha P kwa herufi ya iPod na D kwa diski unakopeleka:

robocopy P:\iPod_Control D:\nakala_ipod /E /R:1 /W:1 /A-:SH /LOG:D:\ripoti.txt

/E huchukua folda zote za ndani. /R:1 na /W:1 huiambia ijaribu tena mara moja tu baada ya sekunde moja, la sivyo robocopy hurudia mara milioni moja kwa kila faili lililogoma. /A-:SH huondoa alama ya kufichwa ili folda mpya zionekane. Ripoti itakuonyesha mafaili yaliyoshindikana.

Pima muda kabla ya kuanza. Kwa mwendo wa MB 10 kwa sekunde, GB 80 huchukua zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo zima usingizi wa kompyuta kwenye mipangilio ya umeme, na kama umeme wa kwenu hukatika, fanya kazi hii kwenye laptopu yenye betri nzuri, usitumie ya mezani.

Ikiisha, hesabu. Kwenye iPod ingia Settings, About, usome idadi ya nyimbo, video na podikasti. Kwenye kompyuta bofya kulia folda ya Music iliyonakiliwa, chagua Properties, usome idadi ya mafaili. Video na podikasti nazo hukaa humo humo, hivyo linganisha jumla. Mafaili yakizidi kidogo si neno, huenda ni mabaki ya nyimbo zilizofutwa vibaya. Yakipungua, fungua ripoti.

Dalili: iPod inasema haina muziki, lakini nafasi imejaa

Hii hutisha, na kwa kawaida habari ni njema. Ikiwa About inaonyesha nafasi iliyobaki ni ndogo huku orodha ikiwa tupu, nyimbo zipo. Kilichoharibika ni iTunesDB, mara nyingi kwa sababu waya ulichomolewa skrini ikiwa bado inasema "Do not disconnect". Ndani ya iTunes nafasi hiyo hujitokeza chini ya jina "Other". Ushauri wa kawaida utakaousikia ni kubofya "Restore". Usifanye hivyo kabla ya kunakili, kwa sababu "Restore" huifomati diski. Nakili kama ilivyoelezwa hapo juu, uhakiki, ndipo uirudishe iPod katika hali ya kiwandani na kuijaza upya.

Dalili: Diski inagongagonga, kunakili kunakwama

iPod mini, video na classic zina diski ya kuzunguka ndani (ile ndogo ya mini huitwa Microdrive), na diski huchoka. Ukisikia mlio wa kugonga kwa kurudiarudia, acha kusikiliza muziki kwenye kifaa hicho mara moja, na usikimbilie chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha diski. Amri ya chkdsk P: /f huandika kwenye diski, na kwa diski inayokufa inaweza kukukatia vipande vya nyimbo na kuvitupa kwenye folda ya FOUND.000. Kwanza nakili folda moja moja, F00, kisha F01, ukiipumzisha iPod kila inapopata joto.

Kujua hali ya diski, izime na kuiwasha kwa Menu na kitufe cha katikati, na tufaha likitokea shika kitufe cha katikati na cha kurudi nyuma. Utaingia kwenye menyu ya uchunguzi. Tafuta HDSMARTData chini ya IO, HardDrive. Angalia "Reallocs" (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na "Pending Sectors" (sehemu zinazoshukiwa kuwa mbovu). Sifuri ni afya. Namba zinazopanda kila ukipima maana yake muda umebaki kidogo. Nano haina diski ya kuzunguka, kwa hiyo haikuhusu.

Kuingiza nyimbo kwenye maktaba mpya

Sasa sakinisha iTunes, iPod ikiwa imechomolewa. Kabla ya kuongeza chochote ingia Edit, Preferences, Advanced, uweke tiki mbili: "Keep iTunes Media folder organized" na "Copy files to iTunes Media folder when adding to library". Hizo ndizo zitakazogeuza KXQR.mp3 kuwa jina la kweli ndani ya folda ya msanii na albamu. Kisha File, Add Folder to Library, uchague folda ya Music ndani ya nakala yako. Kwenye Mac za kuanzia macOS Catalina ya mwaka 2019 iTunes haipo tena. Nyimbo zinaingizwa kwenye programu ya Music, na iPod yenyewe huonekana kwenye Finder.

Usifute nakala_ipod baada ya hapo. Iache kwenye diski ya nje.

Dalili: Nyimbo zimeingia, lakini baadhi hazina majina

Kuna sababu mbili. Mafaili ya WAV hayabebi taarifa za wimbo kwa namna ambayo iTunes inaitegemea, hivyo majina yake yalikuwa kwenye iTunesDB tu. Sababu ya pili huwapata hasa waliorekodi kanda: faili liliitwa, tuseme, jina la wimbo na kikundi, lakini ndani yake halikuandikwa kitu. iTunes ya zamani ilichukua jina la faili na kulionyesha. iPod ilipolibadilisha faili kuwa herufi nne, jina likabaki kwenye iTunesDB peke yake.

Hapa unahitaji programu inayosoma iTunesDB. Rhythmbox, inayopatikana bure kwenye Ubuntu, huionyesha iPod pamoja na majina na orodha zake, nawe unavuta nyimbo kwenda kwenye maktaba ya kompyuta. Fanya hivyo kwa nyimbo zilizopoteza majina tu, iPod ikiwa bado haijafutwa. Ndiyo maana tunasisitiza usiisawazishe iPod mpaka umepitia maktaba mpya wimbo kwa wimbo.

Picha za albamu nazo zinaweza kukosekana. iTunes ilipozipakua yenyewe ilizihifadhi kando, haikuzitia ndani ya wimbo. Chagua nyimbo, bofya kulia, "Get Album Artwork", au bandika picha kwa mkono.

Dalili: Sauti ya nakala ni hafifu kuliko ilivyokuwa zamani

Angalia Get Info ya wimbo. Ikisema AAC, 128 kbps kwa nyimbo nyingi ambazo unakumbuka zilikuwa bora zaidi, kumbe kisanduku cha kushusha ubora ili nyimbo zienee kwenye iPod kilikuwa na tiki. Kilichomo ndani ya iPod ni toleo lililobanwa, na asili zake ziko kwenye kompyuta ya zamani. Hakuna programu inayorudisha ubora huo, kwa hiyo itafute kompyuta hiyo.

Kompyuta ya zamani ikiwa bado inawaka

Basi hii ndiyo njia bora kuliko zote, na inastahili usumbufu wake. Kwenye kompyuta ya zamani fungua iTunes, File, Library, Organize Library, weka tiki kwenye "Consolidate files". Hatua hiyo hukusanya nyimbo zilizotawanyika kwenye Desktop, Downloads na kwingineko ziwe mahali pamoja. Ukiiruka, kwenye kompyuta mpya nyimbo hizo zitakuwa na alama ya mshangao kando yake, na faili halitapatikana.

Funga iTunes, nakili folda yote ya iTunes kutoka C:\Users\ jina lako \Music kwenda diski ya nje, kisha iweke mahali palepale kwenye kompyuta mpya. Fungua iTunes ukiwa umeshikilia Shift, bofya "Choose Library", uchague folda hiyo. Faili "iTunes Library.itl" lina namba ya utambulisho wa maktaba, na iPod inaikumbuka namba hiyo. Ukichomeka, iPod itaiona maktaba ileile ya siku zote na dirisha la kufuta halitatokea. Orodha, nyota na hesabu zote zitakuwepo.

Kama kompyuta imekufa ila diski yake ni nzima, fundi anaweza kuitoa na kuiweka kwenye adapta ya SATA kwenda USB. Diski ya laptopu ya inchi 2.5 inatosheka na umeme wa USB. Ya mezani, inchi 3.5, inahitaji adapta yenye chaja yake.

Dalili: iPod inaonekana kwenye Windows, lakini si kwenye iTunes

Angalia kama umesakinisha Apple Devices na Apple Music kutoka Microsoft Store. Programu hizo zikiwepo, iTunes hubaki na podikasti na vitabu vya sauti tu, na iPod inasimamiwa na Apple Devices. Chagua upande mmoja: ama zote mpya, ama iTunes peke yake.

Dalili: Wimbo unakataa kupigwa, unaomba idhini

Faili lake linaishia .m4p. Ni wimbo ulionunuliwa kabla ya duka la iTunes kuondoa ulinzi mwaka 2009. Ingia Account, Authorizations, Authorize This Computer, kwa akaunti ileile iliyoununua. Kikomo ni kompyuta 5. Kama akaunti ni ya mtu mwingine, hakuna njia bila yeye.

iPod touch, na vicheza muziki vya kampuni nyingine

iPod touch haiingii kwenye hali ya diski, na Windows huonyesha picha zake tu. Ukiwasha usimamizi wa mkono wa nyimbo kwenye kompyuta mpya, hufuta. Njia yako ni maktaba ya kompyuta ya zamani.

Vicheza muziki vya kawaida vya MP3 ni rahisi zaidi, unanakili folda ya Music na kazi imekwisha, isipokuwa kwa mtego mmoja wa vile vyenye hali mbili za USB, MTP na MSC, kama SanDisk Sansa Clip+. Nyimbo zilizoingizwa kwa hali moja hazionekani kwa nyingine. Kompyuta mpya ikikuonyesha nusu ya nyimbo, ingia kwenye mipangilio ya kifaa, badili USB Mode, uchomeke tena na unakili nusu ya pili. Na kama kompyuta ina Windows ya toleo la N (lile lisilo na programu za muziki na video), MTP haitafanya kazi mpaka uongeze Media Feature Pack kupitia Optional features.